UZI: Durham Wasps, timu ya hoki ya barafu iliyobeba kila kombe Uingereza, ikanunuliwa, ikahamishwa na ikafa

Mleta uzi:

Wakuu salaam. Najua humu wengi wetu ni watu wa mpira wa miguu, asubuhi mpaka jioni ni Arsenal na Man U, lakini leo naombeni mnivumilie kidogo niwaletee habari ya timu ambayo nadhani wengi hamjawahi kuisikia, Durham Wasps, timu ya hoki ya barafu kutoka kaskazini mashariki mwa Uingereza. Niko huku kikazi miaka mingi sasa, na wazee wa huku ukiwagusia hiyo timu wanabadilika kabisa, mtu mzima anaanza kukuhesabia vikombe kwa vidole halafu akifika 1995 ananyamaza au anaanza kutukana.

Timu hii ndani ya misimu 8 tu, kuanzia 1984/85 mpaka 1991/92, ilichukua ubingwa wa ligi ya Uingereza mara 5. Mara tano! Tena ikitokea kamji kadogo ka kanisa kuu na chuo kikuu, huku pembeni kumezungukwa na vijiji vya wachimba makaa ya mawe. Haikufa kwa sababu ya kushuka daraja wala kukosa mashabiki. Ilinunuliwa na tajiri, ikahamishwa kwao, na ndani ya miaka 6 hapakuwa na timu, hapakuwa na jina, hapakuwa na ukumbi. Naleta kwa vipande, aliye na swali aulize.

Mto Msimbazi:

Naweka kambi hapa. Ila mkuu kabla hujafika mbali, hoki ya barafu ndo ule mchezo wanaocheza pale Panari Nairobi, Mombasa Road? Maana mimi niliona wale Kenya Ice Lions kwenye simu nikashangaa sana.

Mleta uzi:

Ndo huo huo mkuu. Wachezaji 5 na kipa kila upande, viatu vyenye kisu chini, fimbo mkononi, na badala ya mpira kuna kisahani cha mpira mgumu mweusi cha gramu kama 160 hivi ambacho kikipigwa vizuri hukioni kwa macho. Vipindi 3 vya dakika 20, na saa inasimama kila mchezo ukisimama. Wachezaji wanabadilishana muda wote bila kusubiri refa, unakimbia nusu dakika, dakika moja, umeshaisha pumzi, unaruka ukuta unakaa benchi mwingine anaingia. Na kugongana kwa mabega ni halali, ndo maana wamevaa mapedi kama mafundi wa mgodini.

Sasa turudi Durham.

Kuna jamaa aliitwa John Smith, watu walimpa jina la "Icy" kwa sababu biashara yake ilikuwa kutengeneza na kuuza barafu. Enzi hizo mafriji majumbani hakuna, muuza samaki na muuza nyama wanahitaji mabonge ya barafu kila siku, kwa hiyo huyu alikuwa na mitambo tayari. Pale Durham mto Wear unazunguka mji, na kwenye ukingo wake palikuwa na kinu cha zamani cha kusagia nafaka kinachoendeshwa na maji, Smith akatumia nguvu ya yale maji ya mto kuendeshea mitambo yake. Akili kubwa sana. Mwaka 1940, vita vikuu vya pili vimeshaanza, watu wanafikiria mabomu, yeye akafungua uwanja wa kuteleza kwenye barafu.

Mwanzoni haukuwa hata na paa. Baadaye akaweka hema kubwa, na hema lile lilishikiliwa na nguzo za mbao ambazo zilisimama HUMO HUMO kwenye barafu. Yaani unacheza unakwepa beki halafu unakwepa na nguzo. Walizizungushia vitu laini ili mtu asivunjike mbavu akizivaa. Na waliokuwa wanacheza hapo ni akina nani? Wanajeshi wa anga wa Kanada. Kwenye kaunti hiyo hiyo kuna kambi iliitwa Middleton St George, walikuwepo vikosi vya Kanada namba 419 na 428, vijana wa kurusha ndege za mabomu kwenda Ujerumani usiku. Hao hoki wameinyonya na maziwa ya mama zao. Wakipata ruhusa wanakuja Durham kucheza, na watoto wa mji wanakaa pembeni wanawaangalia. Wengi kati ya wale vijana waliruka usiku na hawakurudi. Mimi hiki kipande hunigusa sana, kwamba mchezo ulipandwa pale na watu ambao hawakujua kama wiki ijayo watakuwepo.

Hema likaja kuraruliwa na dhoruba, Smith akajenga jengo lenye paa la kudumu, na msimu wa 1946/47 timu ya mji ikaanza rasmi. Durham Wasps, yaani nyigu wa Durham.

Binti Kisarawe:

Kaka hapo kwenye wanajeshi wa Kanada umenimaliza. Endelea tafadhali, usije ukaupotezea uzi kama wengine.

Mleta uzi:

Siupotezei dada angu.

Miaka ya katikati nitapita haraka. Hoki ya Uingereza ilikuwa ya Londoni hasa, timu kubwa za Wembley, Harringay, Streatham, na Brighton kule pwani, wakilipa Wakanada mishahara mizuri. Ile ligi ya kulipwa ikafa 1960, kumbi nyingi zikafungwa zikageuzwa mambo mengine. Huku kaskazini ndo moto haukuzimika, kwa sababu hawakuwa wanategemea hela nyingi. Familia ya Smith walishajenga ukumbi wa pili Whitley Bay, pale pwani karibu na Newcastle, 1955. Hapo wakawa wametengeneza na mahasimu wao wenyewe, kwa sababu timu ya Whitley ndo ikawa adui wa kudumu wa Durham. Kumbi mbili, familia moja, na siku wakikutana ilikuwa vita. 1966 timu za kaskazini na za Uskoti zikaunda Northern League, watu wanacheza wakiwa na kazi zao, mchana fundi umeme jioni beki wa kushoto.

Hii miaka msiione ya bure. Ndo miaka ambayo baba alimpeleka mwanae barafuni, na yule mwana akaja kuwa mchezaji, na mdogo wake, na binamu yake. Kufika miaka ya 80 Durham ilikuwa na hazina ya wazawa ambayo timu nyingine Uingereza nzima hazikuwa nayo. Hapa ndo msingi wa kila kitu ninachotaka kusema.

Mto Msimbazi:

Sasa tupe zile nondo za ubingwa.

Mleta uzi:

Haya sasa. 1982 ikaundwa ligi mpya ya Uingereza nzima, na kuanzia 1983 wakaingia wadhamini wa bia, Heineken. Kanuni ikawa kila timu inaruhusiwa maproo watatu tu, yaani wachezaji wa kulipwa kutoka nje, kawaida Wakanada. Waliobaki wote wazawa. Fikirieni hiyo kanuni inamsaidia nani. Maproo watatu kila mtu anaweza kununua, sasa mechi inaamuliwa na wale wazawa kumi na kitu, na wazawa wazuri wako wapi? Durham.

Ndugu wawili, Stephen Cooper beki na Ian Cooper mshambuliaji. Ndugu watatu wa ukoo wa Johnson, Stephen, Anthony na Shaun. Paul Smith naye. Hawa sio watu waliosajiliwa kwa mamilioni, ni watoto waliokulia barafuni pale. Ukichanganya na pro kama Rick Brebant, Mkanada mfupi mwenye kasi na mdomo, ambaye mashabiki wa timu pinzani walimchukia kupita kiasi kwa sababu alikuwa anawafunga kila wiki, unapata timu ya hatari.

Ubingwa wa kwanza wa ligi 1984/85. Sasa tuliza akili uangalie hiyo tarehe. Machi 1984 mpaka Machi 1985 ndo ule mgomo mkubwa wa wachimba makaa dhidi ya serikali ya Thatcher, mwaka mzima watu hawana mshahara, na kaunti ya Durham ilikuwa moja ya ngome za mgomo. Kuna familia zilikuwa zinakula kwenye majiko ya pamoja ya chama cha wafanyakazi. Na mwaka huo huo nyigu wakawa mabingwa wa Uingereza. Migodi ikaendelea kufungwa mmoja baada ya mwingine mpaka miaka ya 90 mwanzoni ikaisha, lakini Jumapili jioni pale ukingoni mwa mto kulikuwa na kitu chao ambacho ni bora kuliko cha Londoni, cha Cardiff na cha Edinburgh.

1985/86 wakachukua tena. Halafu kulikuwa na mchujo wa mwisho wa msimu, nusu fainali na fainali zinapigwa Wembley, sio ule uwanja wa mpira, ule ukumbi wa jirani yake, wikiendi moja, timu nne, na mashabiki wa timu ZOTE za nchi wanakuja na jezi zao hata kama timu yao haipo. Ilikuwa kama hija. 1987 Wasps wakawapiga Murrayfield Racers wa Edinburgh fainali, 1988 wakalibeba tena. Ligi 1988/89 tena.

Msimu wa 1990/91 ndo kilele. Ndugu Cooper walikuwa wameondoka kwenda Cardiff, wakarudi nyumbani, na msimu huo Durham walichukua kila kitu, kombe la vuli, ligi, na fainali ya Wembley walipowafunga Peterborough Pirates. Hesabuni timu zilizowahi kufanya hivyo Uingereza, vidole vya mikono miwili havijai. Msimu uliofuata ligi tena, na Wembley 1992 wakamaliza na Nottingham Panthers 7 kwa 6. Saba sita fainali! Wazee wakiisimulia hiyo mechi wanasimama.

Toon Army TZ:

Mkuu mimi Newcastle damu tangu enzi za kocha Keegan, hii historia sikuijua kabisa na naishi na jezi za hawa watu. Umetaja tajiri aliyeinunua 1995. Usiniambie ni Sir John Hall.

Mleta uzi:

Ni yeye ndugu yangu.

Na nataka nimtendee haki kwa sababu sio mtu mbaya. Mtoto wa mchimba makaa, akajenga jumba kubwa la maduka la MetroCentre kule Gateshead, akaikuta Newcastle United imechoka kabisa akaibadilisha, akamleta Keegan, na 1996 wakamnunua Shearer kwa pauni milioni 15 dunia nzima ikashika mdomo. Kichwani mwake alikuwa na picha ya Barcelona, klabu moja yenye michezo yote, jezi moja, watu wa eneo zima wanajivunia kitu kimoja. Akanunua timu ya raga ya Gosforth akaiita Newcastle Falcons, na hiyo ilifanikiwa, 1998 walikuwa mabingwa. Akanunua ya kikapu. Na 1995 akanunua Durham Wasps.

Kosa liko hapa. Raga aliichukua Newcastle akaiacha Newcastle. Hoki aliitoa Durham. Msimu wa 1995/96 Wasps hawakucheza Durham, ila hawakucheza Newcastle pia, kwa sababu jumba jipya la Newcastle Arena lililofunguliwa Novemba 1995 lilikuwa limeshachukuliwa na Warriors, wale mahasimu wa Whitley, nao wamehamia hapo na kujiita Newcastle Warriors. Basi Wasps wakapelekwa Sunderland, ukumbi wa Crowtree.

Wewe unayeshabikia Newcastle unaelewa neno Sunderland, mahasimu wenu wakubwa wa mpira, lina uzito gani. Timu inayomilikiwa na bosi wa Newcastle United, yenye jina la Durham, inacheza Sunderland. Nani anakuja kuangalia? Mtu wa Durham amenuna, mtu wa Sunderland hataki pesa za Hall, mtu wa Newcastle hawezi kwenda kushangilia Sunderland. Ilikuwa timu ya mabingwa wa jana inateleza mbele ya viti vitupu. Na ukumbi wa Durham bila timu haukuweza kujiendesha, 1996 ukafungwa.

Mzee wa Takwimu:

Mleta uzi nakuheshimu lakini hapa naomba kupingana na wewe kidogo. Hata kama Hall asingekuja hiyo timu isingefika mbali. Ukumbi wa tangu 1940, ulikuwa unaingiza watu wangapi? Elfu mbili, elfu tatu? Sheffield walishajenga jumba lao 1991, Manchester 1995, biashara ilikuwa inabadilika. Tangu 1992 Durham walikuwa hawajachukua ligi, kina Cardiff na Sheffield ndo walikuwa wanabeba. Tajiri alikuta timu inayoshuka.

Mleta uzi:

Mzee hoja yako ina nguvu na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Ndugu Cooper waliondoka tena kwenda Cardiff 1992 na Cardiff wakawa mabingwa mwaka uliofuata, hilo sio jambo la bahati mbaya, hela ilikuwa imeshaanza kuongea. Na wale wa kumbi kubwa walikuwa na hoja, Februari 1997 Manchester Storm waliingiza watu 17,245 mechi moja dhidi ya Sheffield. Ukumbi wa Durham usingeweza kushindana na hicho hata siku moja, ulikuwa mdogo, mkongwe, na baridi yake ya hadithi.

Lakini angalia kilichofuata halafu uniambie kipi kilikuwa bora. Timu ndogo yenye ukumbi wake ingeweza kushuka ikacheza ligi ya chini na ikabaki hai, Fife Flyers wa Uskoti walikataa kuingia kwenye ligi mpya ya kifahari na wapo mpaka leo. Durham walikuwa na vitu vitatu ambavyo havinunuliki haraka, ukumbi wa kwao, watoto wanaokua pale, na watu wanaokuja kwa miguu. Vyote vitatu vilikatwa ndani ya miezi kadhaa.

Na ile ligi mpya yenyewe, Superleague ya 1996. Timu 8, kumbi kubwa, na hesabu ya maproo ikafunguliwa. Ilikuwa ni baada ya kesi ya Bosman, ile iliyowapa wachezaji wa Ulaya uhuru wa kuhama, mlango wa Ulaya umefunguka, na Wakanada wenye babu Mwingereza nao wanaingia. Ghafla mzawa hana nafasi. Ile faida yote ya Durham ya kulea watoto wao ikawa haina thamani tena, kwa nini umlee mtoto miaka 12 wakati unaweza kumpigia simu Mkanada wiki ijayo.

Binti Kisarawe:

Kwa hiyo Wasps wakaingia hiyo Superleague?

Mleta uzi:

Leseni iliingia dada, jina halikuingia. Hall akaipeleka Newcastle Arena hatimaye, Warriors wakarudi zao Whitley Bay, na timu ikaitwa Newcastle Cobras. Jina la nusu karne likatupwa. Nyigu akawa swila! Brebant alikuwepo kama kocha na mchezaji, kwa hiyo kulikuwa na kamba moja ndogo ya kuwaunganisha na zamani, lakini mtu wa Durham aliyezoea kutembea mpaka ukumbini hakupanda basi kwenda kumshangilia Cobra.

Hall naye hakukaa. Ule mpango wa Barcelona ya kaskazini ulikuwa unamla hela, akaachana na michezo ile mingine mmoja mmoja. 1998 timu ikabadilishwa jina ikawa Newcastle Riverkings. 2000 ikabadilishwa tena, Newcastle Jesters. 2001 ikafa. Majina matatu ndani ya miaka 5, na kombe hata moja hakuna. Superleague yenyewe ilikufa 2003, wale matajiri wa kumbi kubwa waliishiwa. Hata ile Manchester Storm ya watu 17,245 ilikufa katikati ya msimu, Novemba 2002, hata miaka sita haijafika baada ya lile nyomi.

Toon Army TZ:

Duh. Mimi mpaka leo Hall kwangu ni shujaa, lakini hili la Durham linaumiza. Pale ukumbini pakoje sasa hivi?

Mleta uzi:

Ukumbi uligeuzwa sehemu ya mchezo wa bowling miaka mingi, halafu ukavunjwa kabisa. Sasa hivi pamejengwa maofisi ya kisasa, panaitwa Freeman's Reach, wamo watu wa pasipoti na ile benki ya akiba ya serikali. Wabongo wengi wa huku pasipoti zao za Kiingereza zimetoka kwenye hilo jengo na hawajui walikanyaga wapi. Kwenye mto wameweka parafujo kubwa la chuma linalozungushwa na maji kuzalisha umeme wa hayo maofisi. Ukisimama darajani unaliona linazunguka taratibu, nguvu ile ile ya maji aliyoitumia Smith kutengenezea barafu.

Mzee wa Takwimu:

Na hakuna timu yoyote iliyorithi? Nimesoma sehemu kuna Newcastle Vipers.

Mleta uzi:

Vipers walikuja 2002 wakadumu mpaka 2011, ila hawakuwa na undugu na Wasps, ni timu mpya ya watu wengine kabisa, na mimi siwahesabu kama warithi. Anayeweza kudai urithi kidogo ni Whitley Warriors, wale wale mahasimu, kwa sababu ni ukumbi wa familia ile ile ya Smith, na vijana wa Durham wanaotaka kucheza wengi wao wanalazimika kwenda kulekule. Warriors walionja hilo jumba kubwa la Newcastle msimu mmoja tu wakarudi kwao pwani, na wanacheza mpaka leo. Wachezaji wa enzi zile wengi wameingizwa kwenye orodha ya heshima ya hoki ya Uingereza, ndugu Cooper wote wawili wamo.

Mwenye swali la mchezo mmoja mmoja au mchezaji fulani aweke hapa, kesho jioni nikitoka kazini nitajibu. Na Mzee wa Takwimu ukitaka nikuletee habari za Fife Flyers jinsi walivyogoma Superleague, sema tu nifungue uzi mwingine.

Mzee wa Takwimu:

Fungua mkuu, na unitag.